Mtamba Kwenye Maharage ya Shule

Mimi uzembe siuvumilii. Kwenye shule yetu ndogo ya kanisa, huku Mbulumbulu, mtoto akitoka ibadani kabla ya baraka, Jumatatu anachota maji ya jikoni, ndoo tatu. Sheria ni yangu.

Sasa Jumatatu hiyo nafika, nakuta mtamba mwekundu katikati ya shamba letu la maharage. Anatafuna makande ya watoto kabla hata hayajapikwa! Mara akatokea Baba Naserian, mfugaji aliyehamia kutoka Ngorongoro, binti yake yuko darasa la pili. Mkononi ana kamba. Nilihitaji ushahidi gani tena?

Nikamsimamisha mbele ya paredi nzima. "Tuwafundishie watoto, halafu ng'ombe wenu wale chakula chao? Huna hata aibu?" Nilimsema mpaka sauti ikakauka. Yeye kaegemea fimbo yake, ananisubiri nimalize.

"Mwalimu Mkuu," akasema taratibu, "huyu si wangu tena. Nimemtoa jana kanisani, shukrani yangu kwa shule. Mwishoni mchungaji alikuita mara tatu uje umpokee, hukuonekana. Tukamfunga hapa. Nilihofia ile kamba haitamweza, ndiyo maana nimeleta nyingine."

Jana nilichomoka mapema nikafue, jua lilikuwa zuri.

Naserian akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wewe ni ndoo tatu?"