Mzee aliyeganda kwenye skrini

Jamani, leo mchana kweupe hapa Kasulu nimeikimbia ofisi yangu mwenyewe.

Bibi Skolastika, jirani yetu, alileta video ya harusi ya mwanawe. Marehemu mumewe yumo, na hana video nyingine yake. Nina programu niliyoandika ya kung'arisha video za zamani, ila ilikuwa inaharibu nyuso.

Kompyuta yangu ina kadi mbili za picha. Moja inaendesha skrini, nyingine inafanya kazi nzito. Asubuhi nilifuta hili vumbi letu jekundu, kumbe waya wa skrini nikaurudisha kwenye kadi ya kazi!

Video ikiwa inapita, nikaisimamisha programu katikati nitafute kosa.

Kadi iliposimama, skrini nzima nayo ikaganda. Mausi haisogei. Na aliyebaki pale ni yule marehemu mzee, kageuka, anatutazama.

"Usizime," bibi akasema.

Nikaenda chumba cha pili kuchukua laptop, niiendeleze programu kupitia hiyo, kwa mtandao. Nyuma yangu bibi akaanza kupiga makofi taratibu, anamsalimia mumewe kwa Kiha, vile tunavyosalimia wakubwa.

Nikarudi.

Mzee anasogea. Ameinama, anapiga makofi, anaitikia.

Najua, harusini alikuwa anapokea wageni. Lakini laptop bado ilikuwa kwapani, sijaifungua!

"Bibi, umegusa nini?"

"Sijagusa. Nimemsalimia. Ulitaka akae kimya?"

Nikatoka mbio. Nyie mnaojua hizi kadi, nani kaiendeleza programu?

Jibuni haraka. Bibi anarudi kesho, anasema kuna jambo mzee aliondoka bila kumwambia.