Kitindamimba Aliyemzidi Baba Yake

Shangazi yangu Tannetje alitengwa na meza ya Bwana kwa sababu alijua kujumlisha. Hakuiba, hakuzini, hakuonekana akianika nguo Jumapili. Alijumlisha tu, hesabu ya darasa la pili, ila aliifanya mbele ya mtu asiyependa jibu.

Mtu huyo ni Izaak Wisse, mzee wa kanisa letu tangu mimi navaa soksi ndefu za shule. Ana mashamba ya vitunguu mpaka kwenye tuta la bahari, na ana shingo isiyogeuka. Ukimsalimu kwa pembeni anazunguka mwili mzima kama trekta lenye tela. Vitunguu vyake nimevichambua ghalani miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nisisikie mtu akisema simjui.

Kijiji chetu cha mkoa wa Zeeland hakina mchungaji wake. Wa kuazima huja mara chache, na Jumapili nyingine zote mzee wa kanisa husimama kwenye meza ndogo chini ya mimbari, maana mimbarini hana ruhusa ya kupanda, akasoma mahubiri ya mchungaji wa zamani aliyekwisha kufa. Kadiri alivyokufa zamani ndivyo tunavyomwamini. Aliye hai anaweza kubadili mawazo. Maiti habadili.

Shangazi alikuwa mjane, na ndiye aliyesafisha kanisa. Shule aliacha na miaka kumi na miwili, kama mimi. Lakini kila baada ya mlo alisoma sura moja ya Maandiko kwa sauti, hata alipokuwa peke yake na paka, kuanzia Mwanzo mpaka mwisho, kisha anaanza tena. Hakuruka kitu. Yale majina ya watu waliozaana kurasa nne, ambayo wengine huyapitia kama mtu anayekimbia mvua, yeye aliyasoma moja moja. Alisema Mungu hakuyaweka pale yawe mapambo.

Na kwetu kwenda mezani si jambo la kukurupuka. Kanisani tunakaa mia mbili, mezani wanakwenda ishirini. Mtu hujipima miaka na miaka kama anastahili. Shangazi alijipima mpaka akafika hamsini na mitatu, ndipo siku moja akaondoka kwenye benchi lake akaenda. Alikula ule mkate akarudi na uso ambao sikuwahi kumwona nao, wala siku ya harusi yake. Alikwenda mara sita tu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Izaak alikuja na mzee mwenzake kwa ziara ya kila mwaka, kuuliza hali ya roho. Mimi nilikuwa jikoni kwa shangazi nikimimina kahawa. Shangazi, katika usomaji wake, alikuwa amefika kwenye habari za wafalme wa Yuda, na Izaak, kwa ukarimu wake mkubwa, akamuuliza kama kuna lililomtatiza. Waulizaji wa namna hiyo hawategemei jibu. Shangazi alijibu.

Akasema mfalme Yehoramu alianza kutawala na miaka thelathini na miwili, akatawala minane, akafa. Hiyo ni arobaini. Siku hizohizo mwanawe Ahazia akamrithi, tena kitindamimba, na kitabu cha Nyakati kinasema alikuwa na miaka arobaini na miwili.

“Sasa Mzee Izaak,” akasema, “kitindamimba amemzidi baba yake miaka miwili. Wakubwa zake sijui walizaliwa lini.”

Yule mwenzake akacheka ndani ya kikombe. Lile cheko ndilo lililotuponza. Izaak akageuza mwili mzima akamtazama, kisha akamgeukia shangazi.

“Dada Tannetje, unasema Neno la Mungu lina kosa?”

“Nasema aliyenakili alichoka mkono. Kitabu cha Wafalme kinasema ishirini na miwili, na hiyo inakubali. Mungu hajachoka. Mwandishi alichoka.”

“Leo umeng'oa tarakimu moja. Kesho utang'oa msalaba.”

“Sijang'oa kitu. Nimesoma. Wewe umesoma?”

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Izaak aliacha mkate wake mtamu umeumwa mara moja tu. Wiki tatu baadaye jina la shangazi lilisomwa mbele ya kanisa zima, la kwake na la marehemu mumewe: ametengwa na meza kwa kulitia shaka Neno, hadi atakapokiri kosa. Mjane wa miaka hamsini na mitano, aliyekaa pale nyuma na kofia yake nyeusi. Hakukiri. Alisema hawezi kumwambia Mungu kwamba thelathini na miwili na minane si arobaini, maana Mungu pia anajua kuhesabu.

Kutoka mezani alitengwa. Kutoka kwenye ufagio hakuna aliyemtenga. Jumamosi ya kuamkia ushirika aling'arisha kikombe cha fedha, Jumapili akakaa nyuma akikitazama kikipita mkono kwa mkono, Jumatatu akakiosha. Mara nne kwa mwaka, miaka kumi na mmoja. Harufu ya divai aliipata.

Msidhani alikuwa mpole. Watu walimwita mpole kwa sababu alinyamaza, na wapumbavu huchanganya hayo mawili. Mimi nilimwambia ahamie kanisa la kijiji cha pili, kule wana mchungaji kijana na viti vyenye mito. Akasema, “Nikihama, atakuwa ameshinda na bado atakuwa na mtu wa kumfagilia. Nakaa.”

Alikaa, na alipokuwa akifuta vumbi kwenye kabati la chumba cha wazee, alisoma. Vitabu vyote vya mahubiri ya zamani, kimoja baada ya kingine, kitambaa mkono mmoja, kitabu mkono wa pili. Mwaka wa tisa alifika rafu ya chini, akakuta kitabu cha mchungaji Van der Wiele, aliyekufa miaka mia mbili na hamsini iliyopita: mahubiri ishirini juu ya wafalme wa Yuda. Alikisoma chote. Jioni ile alikuja kwangu kula supu ya njegere, akala sahani mbili, na uso wake ulikuwa kama wa msichana aliyeposwa. Hakuniambia kitu.

Alichofanya ni kukipangusa kile kitabu na kukiweka juu ya vingine. Alingoja. Mwaka mzima Izaak alikipita. Mwaka wa pili shangazi akamwambia, wakati wa kumpa kahawa, kwamba kile hakijasomwa tangu enzi za babu yake Izaak, na babu yake alikipenda sana. Hilo la babu lilikuwa kweli, jina lake lilikuwa ndani. Izaak akavimba. Jumapili ile akatangaza kwamba, kwa kuwa siku hizi watu wanayakata mahubiri ya baba zetu, yeye atasoma Van der Wiele wote ishirini, kwa mfululizo, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Shangazi akarudi nyumbani akachukua kalenda, akahesabu Jumapili, akatia alama kwenye moja tu: Jumapili ya mahubiri ya kumi na nne, wiki moja kabla ya ushirika wa Pasaka.

Mimi sikujua lolote mpaka mwezi wa pili, alipougua mapafu. Alilala kitandani akipumua kama mlango wa zizi, na daktari alitaka kumpeleka hospitali ya ng'ambo ya maji. Alinishika mkono, nikadhani ataniambia habari za mazishi.

“Wamefika ya ngapi?”

“Ya tisa, shangazi.”

“Usinizike kabla ya ya kumi na nne.”

Ndipo akaniambia yote. Nilifunga mlango wa jikoni nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nilimpikia mchuzi wa mifupa kama mtu anayelisha farasi wa mashindano.

Jumapili yenyewe alikwenda mwenyewe, kwa fimbo. Tuliketi benchi la nyuma. Izaak akafungua kitabu. Yeye si mtu wa kusoma mapema nyumbani. Anaona kwamba kumkagua baba wa imani ni kumtilia shaka. Tukapeana peremende, kama ilivyo desturi, na mahubiri yakaanza: kufa kwa Yehoramu, na kutawala kwa Ahazia.

Ukurasa wa tatu, Van der Wiele akauliza swali. Izaak akalisoma kwa sauti yake nzito: mwana huyu wa mwisho, amewezaje kumzidi baba yake miaka miwili? Kanisa zima likaacha kumumunya. Miaka kumi na mmoja, lakini hakuna aliyesahau. Kijijini hatuna mambo mengi ya kukumbuka.

Akanywa maji. Aligeuza ukurasa, labda akitafuta pa kurukia, lakini mbele ya watu mia mbili alikuwa ameapa hatapunguza neno. Kidole chake kikarudi kwenye mstari. Akasoma kwamba Roho hakosei, bali mkono wa mnakili huchoka. Akasoma kwamba muumini asiye na hofu huuliza, kwa kuwa anayeogopa kuhesabu ndani ya nyumba ya baba yake ana shaka kama ni ya baba yake. Akasoma kwamba mahali pengine watu wanyonge wametishwa kwa jambo hili, na kwamba kuwatisha ni kazi ya wachungaji wavivu. Neno “wavivu” alilisoma kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amefumba macho, akimumunya peremende yake polepole sana.

Baada ya ibada alimimina kahawa ya wazee kama kawaida. Mimi nilibeba maziwa, sikukubali kukosa. Izaak alisimama na kikombe asichokinywa.

“Ulijua.”

“Nilijua, Mzee Izaak. Nimefuta vumbi lake miaka.”

Akasema basi, wazee watalitazama, Jumapili ijayo aje tu mezani kimyakimya, hakuna haja ya maneno.

“Ulinitoa kwa sauti,” shangazi akasema. “Nirudishe kwa sauti. Kwenye meza ileile uliyonisomea, jina lote, na la Krijn wangu. Sukari?”

Wale wengine walitazama sakafu, na aliyewahi kucheka ndani ya kikombe ndiye aliyesema kwanza kwamba ni haki. Jumapili iliyofuata, kabla mchungaji wa kuazima hajapanda mimbarini, Izaak alisimama akasoma. Alisoma jina lote. Alisoma kwamba wazee walikosea. Shingo yake ilikuwa kama kabichi nyekundu ya majira ya baridi, nami nilitamani karatasi ile iwe ndefu kama orodha ya watu waliozaana.

Kisha meza ikatayarishwa. Ishirini wakaenda. Kiti kimoja kiliachwa wazi, mkabala na Izaak, na kila mtu alijua ni cha nani. Shangazi hakuinuka. Nikamgusa kiwiko. Hakuinuka. Izaak alikaa pale na mkate mkononi, akitazama kile kiti kitupu mbele yake, na kanisa zima likamtazama yeye.

Njiani nilimkaripia. Miaka kumi na mmoja, mapafu, mchuzi wa mifupa, kisha anakaa benchini?

“Nimejipima,” akasema. “Maandiko yanasema mtu ajihoji kwanza. Nimejihoji. Kile kisasi bado kitamu mno mdomoni mwangu, na mtu haendi pale na utamu mwingine mdomoni.” Akatembea kidogo, fimbo ikigonga. “Kama nilimsoma Ahazia kwa makini, siwezi kujisoma mwenyewe kwa kuruka.”

“Kwa hiyo?”

“Ushirika ujao ni Juni. Ukiwa bado mtamu, Septemba.”

Juni hakwenda. Kiti kilikuwa wazi tena mbele ya Izaak, nami sitasema uongo, niliifurahia Juni kuliko Pasaka. Septemba aliinuka akakaa palepale, na Izaak ndiye aliyemkabidhi kikombe. Nilijua basi kwamba hasira ya shangazi imekwisha, na nikasikitika kidogo, maana yangu haijaisha.