Baba Alipopaka Klachi Grisi

Dada yangu Leetia ana hasira, na kwetu mtu mzima mwenye hasira huchekwa. Anayekasirika ni mtoto, husema watu, kwa kuwa akili haijamwingia. Basi Leetia amechekwa tangu usichana wake. Alichekwa alipomfokea padri aliyechelewa kwenye harusi yake, akachekwa tena alipoupiga teke mlango wa duka, akachechemea wiki nzima. Mimi sijawahi kumcheka. Hasira ninazo kama zake, ila zangu nimezifundisha kukaa chini, na siku ile ya Mei zilikataa kabisa kukaa.

Tulikuwa kambini, kando ya bahari iliyoganda, watu wanne: Leetia, mumewe Jupi, mimi, na Baba.

Baba ni mtoto wa kaka yetu. Jina lake Amarualik, jina la baba yetu mzazi, ambaye alifariki majira ya baridi kabla kijana huyu hajazaliwa. Kwetu jina haliji peke yake, huja na mwenyewe. Kwa hiyo tulimwita Baba tangu yumo kwenye nepi, naye alipojua kusema akatuita wanangu. Na baba hakaripiwi na binti zake. Alipotaka peremende alipewa, alipovunja dirisha tulifagia vioo tukanyamaza. Sasa ana miaka ishirini na sita, mabega yake yanajaza mlango wa hema, na hajatokea hata mtu mmoja wa kumwambia, “Hapa umekosea.”

Marehemu baba yetu alikuwa akiiweka bisibisi kwenye injini, mpini wake sikioni, akakwambia kilichoharibika. Leetia aliurithi ufundi ule kwa kukaa naye. Huyu Baba wa pili alipewa jina, ufundi ukabaki kaburini. Lakini anapenda kusaidia, jamani! Ukilala, ukiamka unakuta amekusaidia.

Asubuhi Jupi alichukua pikipiki mpya ya theluji akaenda ukingo wa barafu kuwinda sili. Jua lilikuwa kali, theluji imelainika, upepo unatoka baharini na kuibana barafu ufukweni, yaani mambo shwari. Baada ya mlo wa mchana kamba za hema zikaanza kupiga upande mwingine. Leetia aliacha kula. Redio nayo ikakoroma.

“Leetia, unanipata?” Ilikuwa sauti ya Jupi. “Injini yangu imekufa. Naona upepo umegeuka.”

“Hata huku umegeuka. Uko wapi?”

“Mwishoni kabisa. Njoo unichukue, ukipata nafasi. Na chai, kama ipo.”

Ukipata nafasi! Upepo wa bara ukishika, ukingo wa barafu humeguka ukaondoka na aliye juu yake, na Jupi anajua hivyo tangu utotoni. Na kurudi kwa miguu kwenye theluji laini vile, mtu huzama mpaka kiunoni. Lakini yeye ndivyo alivyo. Nyumba ikiungua, Jupi atabisha hodi kwanza ndipo aseme.

Watu wa kambi nyingine walikuwa wamehamia upande wa pili wa kisiwa. Pikipiki iliyobaki ilikuwa moja tu, ile kuukuu ya njano, inayomzidi Baba umri. Leetia aliivuta kamba ikawaka, akaifunga nyuma sleji ya kuburuta, akaondoka. Hakuipita hata mitungi ya mafuta. Injini ilipiga mayowe huku pikipiki yenyewe ikitambaa, moshi ukatoka chini ya boneti, harufu ya mpira unaoungua ikatufikia mimi na Baba tuliosimama mlangoni. Kisha, paa! Mkanda wa klachi ukakatika.

Tukakimbia kule. Leetia alikuwa ameshafungua boneti na kuuchomoa ule mkanda, unaning'inia vipande.

“Mkanda nilioununua Krismasi huu!” alifoka. “Wa Krismasi! Umeungua kwa mwendo wa kwenda chooni!”

“Umezeeka labda,” nikasema.

“Uzee gani? Mkanda mzee hupasuka-pasuka kwenye meno. Angalia meno haya, mazima. Inua huku nyuma.”

Tukainua mkia wa pikipiki. Leetia aliuzungusha kwa mkono ule mkanda mpana wa chini unaotembea juu ya theluji, akitazama kama umegandia barafu. Ukazunguka bila shida. Akarudi kwenye ule uliokatika, akautazama mbavu. Puli zile mbili zinazoushika zingekuwa zimepishana, alisema, ungelika ubavu mmoja. Huu mbavu zote mbili zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama kiatu cha askari.

“Umeteleza,” akasema. “Umezungushwa palepale ukateleza mpaka ukaungua. Kwa nini uteleze?”

Akavua glavu, akapitisha kidole ndani ya puli ya mbele. Kidole kilirudi na grisi.

Niseme hapa kwa asiyejua. Klachi ya pikipiki hizi ni puli mbili, moja kwenye injini na moja nyuma, na katikati kuna mkanda. Injini ikiongeza kasi, mashavu ya puli ya mbele yanasogeleana, yanaubana mkanda kwa pande mbili na kuuvuta. Nguvu yote iko kwenye kule kubana. Hapo hapatakiwi hata tone la mafuta. Kupaka grisi pale ni kumpaka mtu sabuni viganjani kisha umwambie apande kamba.

Baba alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai.

“Baba,” Leetia alimwambia, sauti ameishikilia kwa meno, “hii klachi ameigusa nani?”

“Mimi, mwanangu.” Alitabasamu kabisa. “Juzi niliisikia inalia kwi, kwi, kwi. Nikaipaka grisi. Chuma kinataka mafuta. Hata mwezi wa pili niliipaka, si ikaenda vizuri?”

“Ilienda vizuri kwa sababu niliisafisha mimi!”

Hapo akapasuka. “Wewe Amarualik! Mpumbavu mkubwa wewe! Mume wangu yuko kwenye barafu inayomeguka na wewe unaniletea kwi kwi kwi! Mikono yako hiyo ni ya kazi gani, kula tu? Nani alikutuma? Nani?”

Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwita jina lake machoni pake, wala kumtukana. Nilitazamia alie, au aondoke zake. Badala yake alikitupa kikombe, chai ikamwagika ikatoboa theluji.

“Mwezi wa pili uliiona ile grisi?” akauliza.

“Niliiona.”

“Ukaisafisha, ukanyamaza?”

Leetia aliinama akafuta kidole chake kwenye theluji.

“Nakuuliza! Ulinyamaza? Mnaniita Baba. Nyama nzuri mnanipa mimi kwanza. Halafu nikikosea mnangoja nigeuke, mnafuta uchafu wangu kimyakimya, mnacheka jikoni kwenu. Mimi ningejuaje? Eti, ningejuaje? Baba, Baba, mmeniheshimu mpaka nimekuwa zuzu! Jupi akifa leo, amekufa kwa adabu zenu!”

Mchelea mwana kulia hulia yeye, husemwa, na sisi tulimchelea mwanamume mwenye ndevu. Nilimchukia pale kwa kusema kweli, nikamchukia Leetia, nikajichukia na mimi, na chuki zile zote hazikusogeza pikipiki hata hatua moja.

Redio ikakoroma tena. “Leetia, upo? Naona ufa nyuma yangu. Mwembamba bado.”

“Kitambaa!” Leetia akapiga kelele. “Petroli! Na jiwe la kunolea!”

Nilileta mfuko wa unga, nikaupasua. Petroli kwenye baridi ile inachoma mkono kuliko moto. Leetia alimsukuma Baba kichwa kikaingia chini ya boneti.

“Safisha! Sio hapo, shavuni! Pale mkanda unapogusa!”

“Hapa?”

“Hapo! Na ndani ya bomba lile la katikati ya puli, umelishindilia grisi mpaka limeshika vumbi la mkanda, puli hairudi. Isukume kwa mkono. Tena! Mpaka irudi yenyewe!”

“Usinifokee kama mbwa!”

“Nitakufokea mpaka uzeeke! Sasa jiwe. Sugua taratibu, hutaki kuchimba, unataka kuondoa mng'ao tu. Nani alikufundisha kusugua hivyo?”

“Hakuna! Si ndiyo nasema, hakuna!”

Walifanya kazi wakitukanana, na sijapata kuona watu wakifanya kazi upesi vile. Mkanda wa akiba ulikuwa mmoja tu, chini ya kiti. Baba akaunyooshea mkono, Leetia akampiga kibao cha mkononi.

“Kwa mikono hiyo hiyo yenye grisi? Kaoge!”

Nikammwagia maji ya birika na sabuni, akajifuta kwenye shati lake. Leetia akampa mkanda. Alimfanya auvalishe yeye, huku akimwonyesha mshale unaoelekea mbele na jinsi ya kuitanua puli ya nyuma bila kuuchokonoa mkanda kwa bisibisi. Nilitaka kumwambia huu si wakati wa darasa. Kisha nikaelewa kwamba huko njiani ukikatika tena, mikono minne itakuwa bora kuliko miwili.

“Panda sleji,” Leetia akamwambia. “Na usiguse kitu.”

Akaondoka polepole, ingawa najua roho ilikuwa inamtoka kwa kutaka kukimbia. Mkanda mpya ukiukimbiza kabla haujapata joto unauua. Injini ilinguruma kawaida, pikipiki ikaenda nayo sawasawa, ikapita mitungi, wakawa doa kwenye mwanga.

Mimi nilibaki na redio. Nilimwita Jupi, hakujibu. Nikamwita tena. Nikaipiga ile redio kofi, nikaitukana, nikaiomba radhi. Upepo wa bara uliivuta hema kamba zikalia, na nilimlaani kila mtu ninayempenda mmoja mmoja mpaka niliposikia ile ya njano inarudi.

Walirudi watatu. Jupi alikuwa amelowa mpaka kifuani, suruali imeganda kwa barafu, hawezi kukunja magoti. Walipofika kule ufa ulikuwa umeshakuwa mto. Jupi alirukia ng'ambo akapungukiwa, akaanguka majini, na Baba ndiye aliyelala kifudifudi pembezoni na kumvuta kwa kamba ya chusa. Pikipiki mpya ilikwenda na barafu.

Tulimvua nguo, tukamfunika ngozi, nikampa chai. Meno yake yaligonga kikombe.

“Haidhuru,” akasema alipoweza kusema. “Pikipiki ni chuma tu. Tuko wazima. Haidhuru.”

“Usiseme haidhuru,” Baba akamwambia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, shati limeloa, mikono juu ya magoti. “Nilipaka klachi grisi. Mkanda ukaungua. Ndiyo maana tumechelewa. Nilifanya hivyo mwezi wa pili pia.”

Jupi alimtazama Leetia, na Leetia akaangalia pembeni. Nilidhani atasema haidhuru mara ya tatu, maana ninamjua miaka mingi na sijapata kumsikia akipandisha sauti, hata kwa mbwa. Aliweka kikombe chini. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

“Mkwe wangu,” akasema, “ungeniua.”

“Ndiyo.”

“Nilikuwa nimesimama pale naangalia maji yanapanuka. Nikajiuliza, hawa wamekwama wapi? Nilijua Leetia hawezi kuchelewa. Nikaogopa. Unasikia? Niliogopa mpaka nikajikojolea.” Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, haijui kupanda, inavunjika njiani. “Kwa ajili ya grisi! Huwezi kuuliza? Mdomo huna?”

Nilijongea ili nimzuie, nikimwonea haya. Baba akanyoosha mkono akanirudisha nyuma.

“Mwache,” akasema. Akamgeukia Jupi. “Endelea.”

Na Jupi akaendelea. Aliendelea mpaka chai yake ikapoa, na Leetia, ambaye hasira zake zinajulikana kisiwa kizima, alikaa kimya akimsugua miguu.