Yeyo Alitaka Mtoto Mdogo

Kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mwanamke akikaribia kujifungua hashibishwi. Anapunguziwa chakula, anachemshiwa magome machungu, anakunywa mpaka atapike, ili mtoto asinenepe tumboni akamshinda kumzaa. Wachaga, majirani zangu wa Olasiti, wakisikia hilo wanashika vichwa, maana wao mjamzito wanamjaza mtori wa ndizi mpaka awakimbie. Nilikuwa nacheka nao. Nina mdomo, na mambo ya kizamani nilikuwa nayasema sana.

Lakini mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi saba, yeyo akaja kunitunza, na kicheko kikaisha. Yeyo ni mama yangu. Ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita. Dada yake alifariki akijifungua mtoto mkubwa, na yeyo ndiye aliyemshika mkono mpaka ukapoa. Mtu kama huyo akikuwekea kikombe mbele yako, utambishiaje? Nikanywa. Nikatapika. Kesho yake nikanywa tena, tumbo nalo likaanza kuendesha, hata maji matupu hayakai. "Ndiyo inafanya kazi," alisema, akinifuta uso kwa upole kabisa.

Uso wangu ulipoanza kuvimba, mume wangu hakuuliza mtu. Alitutia mimi na yeyo kwenye gari la jirani, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, ila swali lake la kwanza lilinikata maini: mara ya mwisho nimekojoa lini? Sikukumbuka. Wakaniwekea mpira wa mkojo, na mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda ukabaki mkavu. Figo zimesimama, akasema. Zisipoamka upesi itabidi damu yangu isafishwe kwa mashine, na mtoto anaweza kufia tumboni. Kisha akauliza kama nimetumia dawa yoyote ya kienyeji.

Yeyo alikuwa amesimama pale pale, na mama hachongewi mbele ya wageni. Moyoni nilikuwa nawaka; nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Lakini mdomo wangu, ule ninaojisifia, uligoma.

"Nimempa mimi," yeyo akasema. "Magome. Nimechemsha mwenyewe." Akayataja kwa jina lake la Kimaa, lugha yetu, akaeleza nilivyotapika na kuhara, hakubakiza kitu. Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu, "Umetusaidia, bibi," akaenda kuniandalia dripu.

Kuanzia hapo yeyo hakubanduka kwenye ule mfuko. Ndugu walimletea uji, hakuugusa. Anainama, anauchungulia, anakaa, anainama tena. Nilimwambia kwa ukali, "Yeyo, mkojo hauji kwa kutazamwa." Aliendelea kuutazama. Nadhani alikuwa anaomba. Mkojo ulipoanza kushuka, kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, yeye ndiye aliyeuona kwanza. Aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa shuka lake, akalia. Nami nikalia, hasira zikiwa bado zimo.

Figo zikaamka pole pole, bila mashine. Mtoto hakungoja. Uchungu ulinishika kabla ya wakati, nikajifungua msichana ambaye kichwa chake kilienea kwenye kiganja cha nesi. Hakunipa shida hata kidogo kumzaa. Hicho ndicho yeyo alichokuwa amekitaka, na amekipata.

Kwa kuwa sikuwa na nguvu, mtoto alifungwa kifuani kwa yeyo, ngozi kwa ngozi, apate joto. Kila asubuhi nesi alipomchukua kumpima uzito, yeyo alimfuata hadi kwenye mizani. Namba zile hakuzijua, kwa hiyo aliuliza neno moja tu: "Ameongezeka?" Nesi alikuwa anatikisa kichwa, anamwambia tusubiri.

Asubuhi moja nesi akamjibu, ndiyo, kidogo. Yeyo alirudi, akakaa kitandani kwangu, mtoto akiwa kifuani. Jirani yangu Mchaga alikuwa ameleta mtori, bado wa moto. Yeyo akafunua chombo, akachota kijiko, akakileta mdomoni kwangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kula umnenepeshe."