Bunduki Isiyotaka Nguruwe

La, hakuua hata mmoja. Najua hujauliza, lakini kila anayesikia kwamba marehemu bwana wangu alikuwa na bunduki huniuliza hilo, basi nakupunguzia safari.

Siku zile Bagamoyo misafara ilikuwa ikitoka bara, mingine inaingia, na kila mwanamume mwenye kanzu safi alitaka gobori begani. Sisi tulikuwa na shamba la mahindi upande wa Fukayosi, na nguruwe walikuwa wakivuna kabla yetu. Mwaka uliotangulia tulikula viazi vya porini mpaka watoto wakaota mbavu. Bwana akasema, "Mke wangu, nanunua bunduki. Nguruwe wote watahamia Uzigua." Nikapiga vigelegele, mjinga mimi.

Bunduki ikaja. Ikataka pembe ya kutilia baruti. Pembe ikataka kifuniko cha fedha. Kitako kikataka kuzungushiwa waya wa shaba. Nazi nikune mimi, mafuta inywe bunduki. Nywele zangu kavu kama makumbi, yenyewe inang'aa, sisimizi wanaifuata kwa mistari.

Jioni barazani anakaa na wenziwe, kila mmoja na yake mapajani kama mwana mchanga. Mmoja, mtu wa Saadani, alisemea puani: "Pembe ya ng'ombe hiyo? Nnh! Yangu ya nyati, baruti haioni unyevu." Mwingine sauti ya mtungi: "Mkanda, jamani. Bunduki ni mkanda." Nikawapelekea kahawa, nikauliza, "Mmepiga nini leo, mabwana?" Bwana wangu akakohoa: "Bibi, mtu hapigi bunduki haijatimia."

Kutimia kulikobaki kulikuwa hirizi. Akaenda kwa mwalimu, akaandikiwa aya, zikashonewa ngozini. Akaifunga penye mtambo wa kufyatulia, fundo juu ya fundo, akayapaka nta.

Mahindi yalipokaza punje tukahamia shamba: yeye, mimi, watoto, na mavyaa wangu, yaani mama yake mzazi, Mkwere asiye na maneno mengi. Alfajiri moja tuko juu ya dungu la kulindia mahindi, nguruwe jike akatoka kichakani na wanawe. Karibu! Ungemtemea mate ukampata. Bwana akaelekeza. Nikaziba masikio.

Ngoja, ngoja. Hakuna kitu. Nikazibua masikio.

"Mke wangu," ananong'ona, "hirizi hii ina maneno ya Mungu."

"Naam, bwana."

"Na yule najisi. Damu ikiirukia?"

"Bwana, yeye yuko chini kule, wewe uko juu huku!"

"Damu huijui wewe."

"Basi ivue!"

Akaanza kufungua. Nta imeganda, mafundo yamekaza. Akatia meno. Chini kule, kwaa, kwaa, mabua yanavunjika, na wale wadogo wanaguna kama wako karamuni. "Bado kidogo," anasema bwana, mdomo umejaa ngozi, "bado kidogo."

Mavyaa hakungoja. Alishuka na mchi wa kutwangia, akawa anaupiga kwenye kinu kitupu huku anatukana kwa Kikwere matusi nisiyoweza kukwambia. Nguruwe wakakimbia. Lakini upande wote wa bondeni, ule wenye mahindi manene, ulikuwa umelala.

Bwana akateremka taratibu, bunduki ameikumbatia. Akaigeuza huku, akaigeuza huku, akaipangusa kwa ncha ya shuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Haikuguswa. Safi kabisa."

Watoto walikwisha kuamka, wanaokota magunzi yaliyotafunwa. Mavyaa akawatazama, akamtazama mwanawe, akatia mchi begani. Siku ile ile bunduki ilirudi mjini kwa mwenye kuiuza, na pembe yake, na mkanda wake. Alichosema mavyaa ni hiki tu:

"Safi, mwanangu. Sasa wanao watakula usafi?"