Jagi la Juisi kwa Afande

Mgonjwa akikataa kinywaji alicholetewa, amekataa kinywaji au amemkataa aliyekileta? Swali hilo aliniuliza polisi mstaafu, jirani yetu wa Kawempe, na shahada yangu haikunisaidia kumjibu. Umepita mwaka na zaidi tangu tumzike kwao kaskazini.

Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara mbili kwa wiki alilala kando ya mashine, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Mkojo haukutoka tena, hivyo kila alichokunywa kilibaki ndani kikingoja siku ya mashine. Wauguzi walimruhusu maji kidogo sana. Kiu aliidanganya kwa kunyonya barafu. Lakini kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Wageni walileta uji, supu na majagi ya juisi, kisha wakakaa kumtazama akinywa. Aliyenichukiza zaidi ni jirani mmoja, muuza spea wa Kisenyi. "Afande, figo ni rejeta," alisema Jumapili moja, akimjazia glasi. "Rejeta ikikauka, injini inaungua." Mke wa Afande alijaribu kueleza maagizo ya hospitali. Jirani akamgeukia mgonjwa: "Umekamata majambazi miaka yote hiyo, leo unaogopa juisi?" Chumba kizima kikacheka. Afande naye akacheka, akanywa, akaongezewa. Kabla siku yake ya mashine haijafika, mapafu yalijaa maji. Alikufa ameketi, akitafuta pumzi.

Matangani, jirani yuleyule alizunguka na jagi akisema mashine ndiyo inayoua, anayeunganishwa nayo harudi. Watu wazima, wenye akili zao, wakatikisa vichwa kukubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tumeugeuza ukarimu kuwa amri, mgonjwa atii ili tuonekane wema. Jibu langu limechelewa, Afande, lakini ni hili: ukikataa, umekataa kinywaji tu. Anayekasirika hakuja kukuona wewe.

Jirani huyo nilikuwa nimemsamehe kwa hoja moja, kwamba hakujua. Juzi, katika hospitali nyingine mbali na mtaa wetu, nilimkuta binti yake nje ya wodi ya mashine, akimsubiri bibi yake, mama wa huyo muuza spea. Wamekuwa wakimleta kimyakimya, mtaa usijue, tangu kabla Afande hajaugua. Nilimuuliza kiu ya bibi wanaiwezaje.

"Baba hataki mchezo," alisema. "Jagi la maji analifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao."