Wasifu Bila Karatasi

Dada yangu Kunegunda hajawahi kusoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi. Kwa miaka kumi na minane, akifariki mtu wa jumuiya yetu hapa Bombambili, yeye ndiye aliyesimama kando ya jeneza na kusema kwa kichwa marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alioana na nani, kisha akataja watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Heshima yake yote mtaani ilitoka hapo.

Miaka miwili iliyopita, kwenye msiba wa mzee Thadei, alikwama katikati. Alimwita marehemu kwa jina la mtu mwingine, akarudi mwanzo, akayumba, akanyamaza. Getruda, katibu wa jumuiya, alichukua nafasi yake akawaambia waombolezaji, "Mkalisheni chini. Ulanzi wa asubuhi huo."

Dada hajaonja ulanzi wala pombe nyingine maisha yake yote. Tulimpeleka Dar, akapigwa picha ya ubongo, na daktari akasema ni MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Huja kwa vipindi. Ukipamba moto, hata kufikiri kunakuwa kuzito. Ukitulia, mengi hurudi, ingawa si yote. Nilimweleza Getruda haya uso kwa uso. Akacheka, akasema siku hizi hata ulevi una jina la kizungu. Tangu siku hiyo namchukia, na sitaki mtu anishauri.

Baada ya sindano alizochomwa huko Dar, Kunegunda alianza upya. Kila asubuhi, akichambua maharage, aliwataja marehemu wa jumuiya mmoja mmoja pamoja na watoto wao. Mwanzoni akifika wa tatu alikuwa amechoka, akalia kwa hasira. Baada ya miezi minane alifika wa arobaini. Mpaka leo watu wawili wakiongea kwa pamoja anapotea, na jua kali linampunguza kasi. Lakini maneno ya Getruda hayakumtoka hata siku moja, nami sikumwambia asamehe.

Mwezi wa kumi mama yake Getruda alifariki. Hironimus, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuja kumwomba Dada asimulie wasifu, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliacha amesema hivyo. Getruda alipinga, akashindwa.

Nilimshikia Dada mwavuli. Alisema polepole, hakukosea mwaka wala kijiji. Akaingia kwa watoto: Hironimus, Aidan, Leonce, Amedeus, Rosemary. Watoto ni sita. Minong'ono ikaanza, na nyuma yangu mtu akasema masikini, ugonjwa umerudi.

Kunegunda alisikia. Akawataja tena, safari hii akianzia kwa kitinda mimba kupanda juu: Rosemary, Amedeus, Leonce. Hapo, kabla ya Aidan, akatua, akamtazama Getruda machoni, kisha akaendelea mpaka kwa Hironimus.

Getruda alisimama akilia. Ndiye aliyemwogesha mama yake mwaka mzima, na hakuna asiyejua pale.

"Dada Kunegunda, mimi umenisahau."

"Sijakusahau," Kunegunda akamjibu, akarudi kukaa.

Nikakunja mwavuli, nikakaa pembeni yake.